BWANA CAREY FRANCIS, MWALIMU WA HESABU ALIYEPENDA MPIRA



Katika kila shule kuna mabishano ambayo hayaishi: je, michezo inasaidia masomo, ao inayaharibu? Wazazi wengine wanasema mtoto alitumwa kusoma, hakutumwa kupiga mpira. Wanafunzi wengine nao wanaona kama ekipi ndiyo shule yenyewe, na kalasi ni fasi ya kupumzika tu. Sisi wa gazeti tumeona vizuri kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye alijibu ile swali kwa kazi yake ya miaka 38, kule Kenya.

Edward Carey Francis alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1897. Vita kuu ya kwanza ilipowaka, yeye alikuwa bado kijana, akaingia katika jeshi la mizinga. Vita ilipokwisha akaenda kusoma hesabu katika chuo kikuu cha Cambridge, na hapo akaonekana kuwa mtu wa akili nyingi sana. Wakamfanya mwalimu katika chuo cha Peterhouse. Mwaka wa 1928 kitabu cha hesabu alichoandika pamoja na Bwana Littlewood, mmoja wa wajuzi wakubwa wa hesabu wa wakati ule, kilitoka. Mtu wa namna hiyo alikuwa na njia wazi mbele yake: heshima, mshahara mzuri, nyumba, na maisha ya utulivu kati ya vitabu.

Lakini mwaka ule ule wa 1928 akaacha yote. Akajitoa kwa misioni ya CMS ya kanisa la Anglikana, akapanda meli kwenda Kenya, akawa mkubwa wa shule ya Maseno. Maseno ni karibu na Kisumu, upande wa ziwa Victoria, na mstari wa ikweta unapita hapo hapo. Shule ilianzishwa mwaka wa 1906. Rafiki zake wa Cambridge walishangaa: mtu wa hesabu za juu anaenda kufundisha watoto kujumlisha na kutoa! Yeye hakuona kama ni hasara. Alikaa Maseno miaka 12. Hakuoa hata siku moja. Shule ilikuwa jamaa yake. Kati ya vijana waliopita Maseno siku zake tunajua jina la Oginga Odinga na la Achieng Oneko, watu ambao baadaye walipigania uhuru wa Kenya.

Mwaka wa 1940 wakamwita kuongoza Alliance High School, kule Kikuyu, karibu na Nairobi. Shule hiyo ilianzishwa mwaka wa 1926 na misioni za Kiprotestanti zilizokubali kufanya kazi pamoja, ndiyo sababu ya jina Alliance, maana yake umoja. Wakati ule shule za sekondari za Waafrika katika Kenya nzima zilihesabika kwa vidole. Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, Waafrika zao. Basi kijana aliyepata fasi Alliance alijua kwamba nyuma yake kuna mamia waliobaki nje. Bwana Francis naye alijua. Juu ya hiyo hakukubali uvivu, wala uchafu, wala kuchelewa. Wanafunzi wenyewe walifagia, walisafisha, walifanya kazi za mikono. Mchana masomo, na baadaye, michezo.

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo. Kwa Bwana Francis, mpira haukuwa mchezo wa kupoteza wakati. Aliusimamia yeye mwenyewe, mkubwa wa shule, akizoeza ekipi jinsi alivyozoeza kalasi ya hesabu. Shule iligawanyika katika nyumba, kila nyumba na jina lake, kama Livingstone na Wilberforce, na nyumba zilishindana katika mpira, mbio na kuruka. Kwa namna hiyo kila mwanafunzi alikuwa na kundi la kuchezea, hata yule ambaye hangeweza kuchaguliwa katika ekipi ya shule yote. Tuangalie vizuri jambo hili. Shule yenye ekipi moja tu ina wachezaji 11 na watazamaji mamia. Shule yenye nyumba ina wachezaji wengi, na mtu dhaifu naye anapata siku yake.

Tena mpira ulikuwa na sheria zisizoandikwa. Arbitri hakujibiwa. Aliyeshinda hakumcheka aliyeshindwa. Mwenye mguu mzuri hakubaki na mpira peke yake kama kwamba wenzake ni miti. Watu wengi wamejifunza sheria kama hizi kwa mdomo, lakini kiwanjani ndipo zinapimwa, kwa sababu mtu hawezi kujificha akiwa amechoka na ekipi yake inafungwa. Katika kalasi unaweza kunakili jibu la jirani. Kiwanjani hakuna wa kunakili. Tunafikiri ni kwa sababu hiyo mwalimu wa hesabu alipenda mpira: vyote viwili vinakamata uongo upesi.

Jambo lingine ni la makabila. Alliance ilipokea vijana Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba, watu wa pwani na wengine. Walilala nyumba moja, wakala chakula kimoja, na mpira ulipopita kutoka mguu wa huyu kwenda mguu wa yule, haukuuliza lugha ya mama. Sisi wa Masisi na Walikale hatuhitaji kufundishwa sana juu ya jambo hili. Tangu vita ya mwaka wa 1993 tumeona wenyewe ukabila unavyokula watu, nyumba na ng'ombe. Hatusemi kwamba mpira unaponya vita. Lakini mtu aliyekupa pasi nzuri jana, ni vigumu kidogo kumwita adui leo.

Siku ngumu sana kwa Bwana Francis zilianza mwaka wa 1952, wakati serikali ya Waingereza ilipotangaza hali ya hatari juu ya vita ya Mau Mau. Alliance ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu. Kulikuwa na wanafunzi ambao ndugu zao walikuwa msituni, na wengine ambao jamaa zao walikuwa upande wa serikali, nao walikaa benchi moja. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma hapo toka 1955 mpaka 1958, alirudi nyumbani wakati wa likizo akakuta kijiji chao kimebomolewa. Bwana Francis hakupenda Mau Mau hata kidogo. Lakini alipopata habari za ukatili wa askari wa serikali juu ya raia, hakunyamaza. Aliwaandikia wakubwa akipinga. Na shule haikufungwa. Masomo yaliendelea, mpira nao uliendelea.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa amri, na neno lake lilikuwa la mwisho. Aliamini sana utawala wa Waingereza, na siasa ya uhuru aliiangalia kwa mashaka muda mrefu. Wanafunzi wake wengine, kama Odinga, walifuata njia ambayo yeye hakuipenda. Ngugi naye, katika kitabu alichotoa mwaka wa 2012 juu ya miaka yake ya Alliance, ameeleza pande zote mbili: heshima aliyokuwa nayo kwa yule mwalimu, na uzito wa shule ya kikoloni. Sisi tunaona ni vema kushika yote mawili. Mwalimu anaweza kukupa silaha nzuri bila kujua utaitumia wapi.

Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963, na wengi wa viongozi wa kwanza walikuwa watoto wa Alliance. Bwana Francis alikuwa ameacha ukubwa wa shule mwaka wa 1962, na angeweza kurudi Uingereza kupumzika. Hakurudi. Alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu maskini wa Nairobi, mwalimu wa kawaida chini ya mkubwa mwingine. Mtu aliyeongoza shule ya kwanza ya nchi anashika tena chaki na kusahihisha madaftari! Hapo ndipo kifo kilimkuta, mwezi wa 7 mwaka wa 1966. Wanafunzi wake wa zamani, wakubwa kwa wadogo, walimzika katika uwanja wa Alliance.

Mtu anaweza kuuliza: mabingwa wako wapi? Medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Wilson Kiprugut, Tokyo, mwaka wa 1964, naye alikuwa askari wa jeshi. Kipchoge Keino, aliyepata dhahabu Mexico mwaka wa 1968, alikuwa polisi. Basi michezo ya Bwana Francis haikulenga medali. Ililenga kutengeneza mtu anayeweza kushindwa bila kuvunjika na kushinda bila kujivuna.

Kwetu Kongo pia tulikuwa na mtu wa namna hiyo, upande wa Wakatoliki: Padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël. Alifika mwaka wa 1917, akawa mwalimu huko Kinshasa, akaanzisha michezo ya wanafunzi na ya wafanyakazi, akajenga viwanja, akafa mwaka wa 1956. Uwanja mkubwa ambamo Muhammad Ali alimpiga George Foreman mwaka wa 1974 unachukua jina lake leo.

Basi, wanafunzi wenzetu, tunachukua nini katika maisha haya?

1. Kila kalasi iwe na ekipi yake, hata ya mpira wa majani ya migomba. Tusiwaachie watu 11 furaha ya shule nzima.

2. Arbitri akikosea, tumalize mchezo kwanza. Anayemtukana arbitri leo atamtukana hakimu kesho.

3. Saa ya mpira ikiisha, saa ya daftari inaanza. Bwana Francis hakuchagua kati ya hizo mbili, nasi tusichague.

Na kwenu walimu wetu, tunaomba jambo moja kwa heshima: mara moja moja mshuke kiwanjani. Tutawapa pasi.