Daktari Krapf na Bi Rosine: Kazi ya Ng'ambo na Kaburi la Ng'ambo

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tumewaletea mtu ambaye jina lake si geni kwa mwanafunzi yeyote aliyesoma historia, yaani Daktari Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tunamjua kwa mambo mawili tu ya kujibia mtihani: kwamba alikuwa mmishonari wa kwanza wa Kiprotestanti kuja kukaa Mombasa, na kwamba aliuona Mlima Kenya. Basi leo tuyaweke hayo kando kidogo, tumtazame kama kijana aliyepata kazi nchi ya mbali, akaposa akiwa huko huko kazini, na mchumba akafunga safari kumfuata. Habari ya namna hiyo twaijua sana. Hapa mjini ni nadra kupata mtaa usiokuwa na kijana aliyekwenda Uarabuni au Ulaya kutafuta, na huku nyuma mchumba anaulizwa kila siku: je, utamfuata au utamngoja?

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulifanya yeye, akaugua kwa muda wa miezi. Lakini baada ya dhiki faraja, kwani kule kulala kitandani ndiko kulikompa nafasi ya kusoma na kuipenda Biblia. Alipopona alipelekwa shule mjini Tübingen, akaonekana kuwa hodari mno wa lugha. Huko pia alisoma habari za safari za Mskoti James Bruce aliyezuru Uhabeshi, na tangu siku hiyo Afrika haikumtoka moyoni.

Alisomea umishonari katika chuo cha Basel, Uswisi, kisha akamaliza masomo ya dini Tübingen mwaka 1834. Hakudumu sana katika uchungaji wa kwao. Shirika la wamishonari la Kanisa la Uingereza, CMS, lilipomwajiri, aliondoka Ulaya mwaka 1837 kwenda Uhabeshi. Hapa tuwakumbushe wadogo zetu wa kidato cha kwanza kwamba Krapf hakuwa daktari wa kutibu watu. Udaktari wake ulikuwa ni wa elimu, aliotunukiwa kwa kazi yake juu ya lugha za Uhabeshi.

Kazi ile mpya haikuwa mteremko. Huko Adowa alifukuzwa mwaka 1838. Mwaka uliofuata akaingia Shoa, kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa karibu miaka mitatu akijifunza lugha ya Waoromo, ambao wakati huo wakiitwa Wagalla. Ni katika upweke wa miaka hiyo alipokata shauri kwamba mmishonari asiye na mke hawezi kufanikiwa ugenini. Lakini ataoa nani, naye yuko milimani Uhabeshi? Mchumba alipatikana mbali sana, mjini Basel. Jina lake Rosine Dietrich.

Hebu tufikirie kidogo, ndugu zangu. Hakukuwa na simu, wala ndege, wala Mfereji wa Suez, ambao ulifunguliwa mwaka 1869. Barua ilichukua miezi kufika, na pengine haikufika. Krapf hakuwa ameikanyaga Ulaya kwa muda wa miaka mitano. Bwana arusi ndiye huyo. Naye Bi Rosine alikubali kuiacha nchi yake ya baridi na milima, akavuka bahari mpaka Misri, kwenda kuolewa na mtu ambaye nyumba yake ilikuwa popote kazi itakapompeleka.

Mwezi wa Machi 1842 Krapf alitoka Shoa kwenda kumpokea. Njiani alikamatwa na chifu mmoja, akanyang'anywa karibu kila alichokuwa nacho, akafika pwani ya Massawa hana kitu. Hata hivyo alifika Misri, na mwaka huo huo wa 1842 wakafunga ndoa katika mji wa Alexandria. Fungate yao, kama twaweza kuiita fungate, ilikuwa ni safari ya kurudi kazini. Lakini Shoa ilikuwa imefungwa kwao. Wakajaribu kuingia Uhabeshi kupitia kaskazini, nako wakazuiwa. Katika jangwa, nje kabisa ya mji wowote, Bi Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Mtoto hakuishi. Wazazi walimpa jina la Eneba, maana yake chozi, wakamzika huko huko njiani, wakaendelea na safari.

Mtu mwingine angesema basi, turudi kwetu. Wao waligeukia Aden. Krapf alikuwa na shabaha yake: kama mlango wa kaskazini wa kuwafikia Waoromo umefungwa, ataingia kwa mlango wa kusini, pwani ya Waswahili. Novemba 1843 wakapanda chombo cha Waarabu. Chombo kikavuja baharini, nusura wazame, ikawabidi warudi Aden na kuanza upya. Januari 1844 walifika Unguja. Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa ameitwaa Mombasa kutoka kwa Mazrui mwaka 1837, aliwapokea vizuri na kumpa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani ili wamtendee wema. Hilo si jambo dogo: mtawala wa Kiislamu anamfungulia njia mhubiri wa dini nyingine.

Mwezi wa Mei 1844 mume na mke walihamia Mombasa. Siku hizi tukitaka kupunga upepo twaenda Mama Ngina, tukakaa chini ya ile mibuyu, tukatafuna mihogo na kutazama meli kubwa zikiingia Kilindini. Vyombo vya zama zile vilishika mkondo wa pili, vikapita chini ya Ngome ya Yesu na kutia nanga Bandari ya Kale. Mji wenyewe ulikuwa ni huu tuuitao Mji wa Kale. Muyaka bin Haji, mshairi wetu mkubwa, alikuwa ameaga dunia miaka michache tu kabla. Kwa hiyo Kiswahili alichokisikia Krapf vichochoroni ni kile kile cha Muyaka, Kimvita chenyewe, hakijaguswa na kamati yoyote.

Krapf hakupoteza wakati. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kwa hati za Kirumi. Hakukifasiri peke yake. Aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa hapa Mombasa. Tunalitaja jina hili kwa makusudi, kwa sababu katika vitabu vingi sifa zote humwendea mgeni, na mwenyeji aliyemshika mkono akasahauliwa. Kadhi na mmishonari walikuwa na imani mbili mbalimbali, lakini waliweza kukaa wakatafuta neno lililo sawa. Sura tatu za mwanzo za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, zikawa miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa.

Lo! Hazikupita hata wiki nne tangu kazi hiyo ianze. Julai ilipoingia Krapf alishikwa na homa kali. Siku chache baadaye Bi Rosine naye akashikwa, na alikuwa mja mzito wa siku zake. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu, kwani jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Tarehe 6 Julai alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai 1844 Bi Rosine akafariki, na baada ya siku chache mtoto akamfuata mamake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi, hana nguvu hata ya kumuuguza mkewe sawasawa. Ndoa yao haikutimiza miaka miwili.

Kabla ya kufa, Bi Rosine aliomba jambo moja. Hakutaka azikwe kisiwani. Alitaka kaburi lake liwe bara, ng'ambo ya pili ya maji, kando ya njia waliyoitumia Wamijikenda, ambao zamani wakiitwa Wanyika, ili wapitao walione na kuuliza limekuwaje. Akazikwa huko, na mwanawe karibu yake. Ukivuka leo kwenda Nyali utakuta mahali hapo, pamoja na mnara wa ukumbusho wa Krapf.

Tunaona kwamba ombi hilo ndilo linalotuonyesha Bi Rosine alikuwa mtu wa namna gani. Watu wengine humtaja kama mzigo aliobebwa na mumewe mpaka Mombasa, masikini ya Mungu, akafa. Sisi hatukubali. Mwanamke aliyechagua kaburi lake liwe kando ya njia alikuwa na kazi yake mwenyewe akilini. Mwajiriwa alikuwa mmoja, lakini kazi ilibebwa na wawili, na aliyelipa zaidi ni yule ambaye jina lake halikuandikwa juu ya kitabu.

Je, Krapf alikosea kumleta? Katika chama chetu jambo hili lilizua ubishi si haba. Wako waliosema kwamba mtu aliyekwisha kumzika mtoto jangwani hakuwa na haki ya kumtia mkewe chomboni tena. Wako waliojibu kwamba Bi Rosine hakuwa mtoto, aliijua njia, na aliichagua. Pande zote mbili zina neno. La hakika ni kwamba Krapf mwenyewe hakuondoka. Aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, na kaburi hilo liwe dalili kwamba kazi imeanza, basi walete watu wengine. Yaani kule kufiwa, ambako kungemrudisha mwingine kwao, yeye kulimfunga hapa.

Mwaka 1846 aliletewa mwenzake, Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai Mpya mwezi wa Agosti, wote wawili wakitetemeka kwa homa. Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani. Walipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wataalamu wengine wa Ulaya waliwacheka. Rebmann naye alifunga ndoa Misri mwaka 1851, akamleta mkewe Emma Rabai, naye akakaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1866. Yaelekea njia aliyoipita Rosine wengine waliipita tena, wakijua kabisa mwisho wake unaweza kuwa nini.

Mwaka 1850 Krapf alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Afya ilipomwishia alirudi Ujerumani mwaka 1853, akaoa tena mwaka 1856, na mwaka 1862 akaja kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881 katika mji wa Kornthal. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, yenye kurasa zaidi ya 400, ilitoka London mwaka 1882, hakuwahi kuiona. Kamusi hiyo imejaa maneno ya Kimvita. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa Kiswahili sanifu, lakini anayetaka kujua babu zetu walivyosema hana budi kumrudia Krapf.

Je, tunajifunza nini? Kwanza, lugha haijengwi na mtu mmoja. Nyuma ya Krapf alikuwako kadhi wa Mombasa, na alikuwako Bi Rosine. Pili, na hili ni la wale wenzetu ambao kesho watapata kazi ng'ambo na kuacha wachumba nyuma: mweleze mwenzako njia ilivyo, na dhiki zake zote, kabla hajafunga mizigo, kisha umwachie achague mwenyewe. Nawe unayefuata, jua kwamba unakwenda kufanya kazi, si kusindikiza. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini Bi Rosine hakuishi kwingi. Aliishi Mombasa wiki chache tu, na bado kaburi lake liko, nasi tunalisoma.

Basi chama kinapanga ziara ya kwenda Nyali na Rabai. Atakayekuwamo safarini, akifika penye kaburi, asiulize Krapf alizikwa wapi, maana yeye hayuko hapo. Aulize aliyelala pale ni nani. Wasalaam.