SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: KALAMU ILIYOJENGA JINA



Kila mwaka wako wanafunzi wanaotamani kuandika vitabu na kujulikana. Tamanio hilo si baya, lakini lina mtihani ndani yake: mtu huandika ili watu wanufaike, au ili jina lake litajwe? Tuutazame mtihani huu katika maisha ya mwanachuoni wa pwani yetu, Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa, naye alifariki mwanawe akiwa bado mtoto mdogo. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alikwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Basi hakukimbilia kalamu. Alitanguliza kupiga magoti mbele ya masheikh. Pia alisoma maandishi ya wanachuoni wa Misri waliotaka Waislamu wajirekebishe, kama vile Sheikh Muhammad Abduh na Sheikh Rashid Rida.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo liitwalo Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, maana yake Marekebisho, kwa Kiswahili na Kiarabu. Hapa ndipo jina lake lilipojengeka, na sababu zake ni za kuzingatiwa.

Kwanza, aliandika kwa lugha ya watu wake. Angeweza kuandika kwa Kiarabu peke yake akasifiwa na wanachuoni wenzake. Lakini alitaka afahamiwe na mvuvi, mfanyabiashara na mama wa nyumbani, kwa hiyo akatumia Kiswahili chepesi.

Pili, alishika shauri moja. Alihimiza elimu, ya dini na ya dunia, kwa watoto wa kiume na wa kike. Alikemea kufuja mali katika harusi na matanga, na kuiga mambo ya wageni bila ya kupima. Aliyesoma makala yake moja alijua mwandishi anasimama wapi. Makala hizo baadaye zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Tatu, hakuwadharau wadogo. Mwanachuoni wa daraja yake aliandika Hidayatul Atfal, kitabu cha kuwafunza watoto dini yao.

Mtu anayewaambia watu makosa yao hawezi kupendwa na kila mmoja. Anayetafuta sifa tu angechagua maneno ya kuwafurahisha wasomaji. Sheikh alichagua ya kuwafaa. Na watu wakamwamini: mwaka 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki mwaka 1947.

Hakumaliza kazi zake zote. Tafsiri ya Qur'ani aliyoianza ilibaki bila ya kukamilika, na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alifanya juhudi ya kuitoa sehemu yake. Historia ya ukoo wa Mazrui aliyoiandika kwa Kiarabu ilipigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake. Mwenye jina hayupo, na kalamu yake ingali inasomesha.

Wanafunzi wapenzi, siku hizi ni rahisi jina la mtu kuenea kwa siku moja, na ni rahisi vilevile kusahauliwa siku ya pili. Jina la mwandishi ni amana. Msomaji akiliona juu ya ukurasa, huwa anakumbuka kama mara iliyopita aliambiwa kweli au alidanganywa. Basi someni kwanza, hakikisheni mnayoyaandika, andikeni kwa lugha inayofahamika na jamaa zenu, na takaseni nia zenu. Jina likija baada ya hapo, na lije.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amsamehe Sheikh wetu, ampe makazi mema Peponi, na atujaalie katika watoto wetu waandishi wenye kunufaisha. Amin.