MFALME ALIYEKUWA NA KIGUGUMIZI



Tangu mwaka 1998, tarehe 22 Oktoba ni siku ya kuwakumbuka watu wenye kigugumizi duniani. Katika toleo hili la kumbukumbu, sisi walimu tumechagua kuwasimulia maisha ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Wazee wengine wataikumbuka sura yake kwenye shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki. Tunajua alikuwa mfalme wa wakoloni, wala hatumsifu kwa hilo. Tunamtaja kwa sababu ya shida yake ya kusema.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895, akaitwa Albert. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, akalazimishwa kuandika kwa wa kulia. Alipofikia miaka minane hivi, kigugumizi kilikuwa kimekwisha kumshika. Baba yake alikuwa mkali, na ukali haukumsaidia. Katika chuo cha wanamaji cha Osborne alishika nafasi ya 68 kati ya wanafunzi 68. Lakini mwaka 1916 alikuwa ndani ya manowari katika vita vya Jutland, akafanya kazi yake mizinga ikilia. Mtu huyo huyo aliogopa kusimama mbele ya watu na kusema.

Tarehe 31 Oktoba 1925 alihutubia umati huko Wembley, London. Maneno yalimkwama, akaona aibu kubwa. Mwaka uliofuata, kwa kuhimizwa na mkewe, alikwenda kwa Lionel Logue, Mwaustralia ambaye hakuwa daktari bali mwalimu wa kusema. Logue alimfundisha namna ya kuvuta pumzi, naye akafanya mazoezi kila siku. Mwaka 1927 alifungua bunge jipya la Australia mjini Canberra, akaimaliza hotuba yake vizuri.

Desemba 1936 kaka yake aliacha ufalme, ukamwangukia yeye. Vita vilipoanza, tarehe 3 Septemba 1939, alihutubia taifa kwa redio, Logue akiwa naye chumbani. Alisema polepole, akipumzika kati ya maneno, akafika mwisho. Kigugumizi hakikumtoka kabisa mpaka alipofariki tarehe 6 Februari 1952, binti yake Elizabeth akiwa safarini Kenya.

Ndugu zetu, mfalme alipata mtu wa kumsubiri. Je, sisi hapa kambini? Darasani tunao watoto wanaojua jibu lakini hawanyoshi mkono kwa kuogopa kuchekwa. Wapo pia watu wazima wanaoogopa mahojiano, maana mtu akikwama kwenye jina la kijiji chake anaweza kudhaniwa anaficha jambo. Kukwama si kusema uongo.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi, walimu wenzetu na watumishi wa mashirika: msimcheke, msimkaripie, wala msimmalizie neno lake. Mpeni muda, amalize mwenyewe.