Al Jackson Jr: Mpiga ngoma aliyekuwa saa ya muziki wa Memphis

MASHABIKI wa muziki wa zamani wa Marekani wangali wanazikumbuka sauti za Otis Redding, Wilson Pickett na Al Green. Ni wachache, hata hivyo, wanaolifahamu jina la mtu aliyeketi nyuma ya waimbaji hao, vijiti viwili mikononi, akihakikisha kuwa hakuna aliyepotea njia.

Mtu huyo ni marehemu Al Jackson Jr, aliyepewa na wenzake lakabu ya binadamu mtunza saa.

Jackson alizaliwa Novemba 27, 1935 mjini Memphis, jimbo la Tennessee. Mwana hufuata kisogo cha nina, lakini huyu alifuata cha babake, ambaye aliongoza bendi ya muziki wa densi mjini humo. Akiwa na umri wa miaka mitano tu, tayari alikuwa akipiga ngoma jukwaani katika bendi hiyo. Baadaye alijiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Willie Mitchell.

Wakati huo, Jim Stewart na dadake, Estelle Axton, walikuwa wamegeuza jumba kuukuu la sinema kuwa studio, na ndiko kampuni ya Stax ilikostawi. Jackson alipoitwa huko hakuharakisha kukubali, kwani alijua kuwa kazi ya jukwaani ilimlipa vyema zaidi. Aliridhika tu baada ya kuhakikishiwa mshahara wa kila wiki.

Mnamo 1962 yeye, mpiga kinanda Booker T. Jones, mpiga gitaa Steve Cropper na Lewie Steinberg wa gitaa la besi walirekodi Green Onions, kibao kisicho na maneno kilichopanda hadi nambari moja katika orodha ya R&B. Baadaye Donald Dunn alichukua nafasi ya Steinberg, na kundi hilo la Booker T. & the M.G.'s likawa la watu weusi wawili na wazungu wawili. Hilo halikuwa jambo dogo katika mji ambao ubaguzi wa rangi ulikuwa umewatenganisha watu shuleni na mikahawani.

Muziki wa R&B husimama juu ya pigo la pili na la nne katika kila mapigo manne. Wengi hudhani kwamba nguvu ya muziki huo hutokana na mpiga ngoma kutwanga kwa fujo na kujaza kila pengo. Jackson alithibitisha kinyume chake. Alipiga machache, akayapiga mahali pake, na kwa kuwa hakuyumba, waimbaji walipata uhuru wa kupaza sauti na kurukaruka watakavyo.

Mwaka wa 1965, Pickett alipofika Memphis kurekodi In the Midnight Hour, mtayarishaji Jerry Wexler alicheza densi studioni kuonyesha namna vijana walivyokuwa wakicheza wakati huo. Jackson na Cropper walielewa mara moja. Walilichelewesha kidogo pigo la pili na la nne, na kuchelewa huko ndiko kulikoupa wimbo uzito wake.

Aidha, katika Try a Little Tenderness wa Redding, uliotoka mwaka wa 1966, wimbo unaanza taratibu. Kisha Jackson anagonga ukingo wa ngoma mithili ya saa ya ukutani, na kidogo kidogo utulivu huo unageuka tufani.

Miaka ya sabini alirejea kwa Mitchell na kumpigia ngoma Al Green. Watatu hao ndio walioutunga wimbo Let's Stay Together, uliotamba mwaka wa 1972.

Mnamo Septemba 1975, Jackson na wenzake watatu walikubaliana kulifufua kundi lao lililokuwa limetawanyika. Ajali haina kinga. Siku chache baadaye aliahirisha safari ya kikazi ya Detroit ili atazame pigano la Muhammad Ali na Joe Frazier lililokuwa likionyeshwa mjini Memphis. Aliporejea nyumbani alipigwa risasi tano mgongoni na kufa Oktoba 1, akiwa na umri wa miaka 39. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo.

Kabla ya mwaka huo kwisha, Stax nayo ilifilisika. Jumba lake lilibomolewa mwaka wa 1989, na mnamo 2003 makavazi ya muziki wa soul yakafunguliwa papo hapo.

Jackson hakuwa mwimbaji, wala sura yake haikupamba mabango kama ya wale aliowapigia ngoma. Lakini kila nyimbo hizo zinapochezwa na wasikilizaji wakaanza kugonga sakafu kwa miguu bila kujua, wanaifuata saa yake.