Harold Larwood: Alitii amri, akabebeshwa lawama, akapokewa na mahasimu

Mwaka 1950, mwanamume wa miaka 45 aliachana na duka lake la peremende katika mji wa pwani wa Blackpool, Uingereza, akapanda meli na mkewe pamoja na mabinti zao watano kwenda kuanza maisha upya Australia. Miaka 17 kabla ya hapo, hakukuwa na mgeni aliyezomewa katika nchi hiyo kama yeye.

Alikuwa Harold Larwood, mrushaji wa kriketi ambaye wengi wa enzi zake walimhesabu kuwa mwenye kasi kuliko wote. Maisha yake yanaonyesha jinsi ugomvi wa wakubwa unavyomwangukia mtu wa chini, na jinsi raia wa nchi mbili wanavyoweza kuumaliza hata pale wakubwa wanaposhindwa.

Larwood alizaliwa Novemba 14, 1904 katika kijiji cha Nuncargate, jimbo la Nottinghamshire, kwenye eneo la migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Kijana aliacha shule mapema, akafanya kazi kwa muda katika duka la ushirika la wachimbaji, na alipofika miaka 14 akaingia mgodini kuongoza farasi wadogo waliokuwa wakivuta vigari vya makaa. Kriketi ndiyo iliyomtoa huko. Klabu ya Nottinghamshire ilimchukua mwaka 1923 alipokuwa na miaka 18, na mwaka 1926 akaitwa timu ya taifa.

Kriketi ina viwanja vyake Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ila si kila msomaji anaifuatilia. Kwa ufupi, mrushaji hukimbia na kuurusha mpira mgumu wa ngozi kuelekea vijiti vitatu. Mpigaji huvilinda vijiti hivyo kwa gongo la mbao na kutafuta mikimbio, ambayo ndiyo pointi za mchezo. Kila mpigaji anayetolewa huhesabiwa kuwa wiketi moja kwa upande wa warushaji. Mechi ndefu kati ya mataifa, inayochukua siku kadhaa, huitwa testi.

Larwood hakuwa mrefu, lakini alikuwa na mabega ya mtu wa mgodini na mwendo laini wa kukimbia, na mpira ulitoka mkononi mwake kwa kasi iliyowatisha wapigaji. Mara tano alimaliza msimu akiwa kinara wa wastani wa warushaji wote wa Uingereza.

Enzi hizo kriketi ya Uingereza ilikuwa na matabaka mawili. Wachezaji wa ridhaa walikuwa watu wenye uwezo, wengi wao wasomi wa vyuo vikuu, na nahodha alitoka kwao. Wachezaji wa kulipwa walikuwa wafanyakazi. Katika viwanja vingi makundi hayo mawili hayakutumia hata lango moja kuingia uwanjani. Larwood alikuwa wa kulipwa. Nahodha wake wa timu ya taifa, Douglas Jardine, alikuwa wa ridhaa, msomi wa Oxford.

Mwaka 1930 Uingereza ilikuwa imepata fedheha nyumbani. Kijana wa Australia, Don Bradman, alipata mikimbio 974 katika mechi tano za testi. Jardine alipopewa timu ya kwenda Australia msimu wa 1932 na 1933, alisafiri na mpango wa kumzuia. Warushaji wa kasi wangeupiga mpira chini karibu na katikati ya uwanja ili uruke kuelekea mbavu, bega au kichwa cha mpigaji, huku walinzi wakijipanga upande wa miguu yake wakisubiri kuudaka. Mpigaji alibaki na njia mbili tu: aumie au atolewe. Mbinu hiyo ilipewa jina la Bodyline, na silaha yake kuu ilikuwa mkono wa Larwood.

Mambo yaliharibika Adelaide Januari 1933, mbele ya watazamaji zaidi ya 50,000. Mpira wa Larwood ulimpiga nahodha wa Australia, Bill Woodfull, karibu na moyo. Wakati huo walinzi walikuwa wamepangwa kwa utaratibu wa kawaida. Muda mfupi baadaye Jardine aliwahamishia upande wa miguu, kwa ajili ya mashambulizi dhidi ya mtu aliyekuwa ametoka kuumia, na uwanja mzima ukawaka hasira. Siku mbili baadaye Bert Oldfield alipigwa kichwani na fuvu likapata ufa. Oldfield mwenyewe alisema alikosea kuupiga mpira huo na hakumlaumu Larwood, lakini umma ulikuwa umeshatoa hukumu.

Chama cha kriketi cha Australia kilipeleka telegramu London kikilalamika kwamba mbinu hiyo si ya kimichezo na inaweza kuvuruga urafiki wa nchi hizo mbili. Klabu ya MCC, iliyokuwa ikiendesha kriketi ya Uingereza, ilijibu kwa ukali na kusema iko tayari kuifuta ziara. Suala likatoka kwenye michezo na kuingia serikalini. Ulimwengu ulikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na Australia ilikuwa na madeni makubwa London. Gavana wa Australia Kusini, Alexander Hore-Ruthven, aliyekuwa Uingereza wakati huo, alimweleza waziri J.H. Thomas hofu yake kwamba biashara baina ya nchi hizo ingeumia. Baada ya majibizano Australia ililegeza msimamo, na ziara ikaendelea.

Uingereza ilishinda mechi nne kati ya tano. Larwood alipata wiketi 33. Katika mechi ya mwisho mjini Sydney alipata pia mikimbio 98 kwa gongo, akakosa miwili tu kufikisha 100, na Waaustralia waliokuwa wakimzomea walisimama kumshangilia. Baadaye katika mechi hiyohiyo mfupa wa mguu wake wa kushoto ulivunjika akiwa anarusha. Jardine hakumruhusu kutoka hadi Bradman atolewe. Bradman alipotolewa, wawili hao waliondoka uwanjani pamoja. Larwood alikuwa na miaka 28, na hiyo ikawa testi yake ya mwisho.

London ilianza kuona aibu pale uhusiano na Australia ulipohitaji kutengenezwa. Mwaka 1934 Larwood alitakiwa kuomba radhi kwa MCC kwa jinsi alivyorusha. Alikataa. Kwa hesabu yake, alifanya alichoagizwa na nahodha aliyewekwa na wakubwa haohao, na hakuna nahodha aliyeletewa karatasi kama hiyo.

Gharama ya kukataa inaonekana kwa kuwatazama wenzake wawili. Gubby Allen, mrushaji mwingine wa kasi katika ziara hiyo, aligoma kabisa kutumia Bodyline. Alikuwa wa ridhaa, mkate wake hautegemei mpira, na hakuna aliyemgusa; msimu wa 1936 na 1937 alirudi Australia akiwa nahodha. Bill Voce, mchimbaji kama Larwood na mwenzake wa Nottinghamshire, alisuluhishwa na wakubwa akarudishwa timuni kwa ziara hiyohiyo. Larwood alibaki nje, ingawa mwaka 1936 ndiye aliyeongoza tena wastani wa warushaji nchini. Alistaafu kriketi ya daraja la kwanza mwaka 1938 akiwa na wiketi 1,427, ambazo 78 tu zilitoka katika mechi 21 za testi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alifungua kiduka cha peremende Blackpool. Ilikuwa biashara ngumu, kwa kuwa sukari na peremende bado ziliuzwa kwa mgawo. Jina lake lingeweza kuvuta wateja, lakini hakuliandika juu ya mlango. Alitaka kuachwa kwa amani.

Aliyemfuata huko mwaka 1948 alikuwa Jack Fingleton, mpigaji wa Australia aliyekuwa amekumbana na mipira yake Adelaide na ambaye sasa alikuwa mwandishi wa habari. Fingleton alimshawishi ahamie Australia na akamsaidia kupanga safari. Meli aliyoipanda, Orontes, ndiyo iliyokuwa imewapeleka wachezaji wa Jardine mwaka 1932.

Sydney ilimpokea vizuri. Ben Chifley, aliyekuwa ametoka tu kwenye uwaziri mkuu, alimlipia kimyakimya nusu ya gharama za hoteli familia ilipofikia. Larwood alipata kazi katika kiwanda cha soda, akanunua nyumba ya kawaida mtaa wa Kingsford, na wachezaji aliowahi kuwaumiza wakawa marafiki zake, Oldfield akiwa mmoja wao. Ndani ya nyumba hiyo alitunza kisahani cha fedha cha kuwekea majivu ya sigara, zawadi ya shukrani kutoka kwa Jardine.

Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE mwaka 1993, miaka 60 baada ya ziara ile. Kufikia hapo macho yake yalikuwa yamepoteza nguvu. Alifariki dunia Sydney Julai 22, 1995, akiwa na miaka 90. Hadi siku hiyo hakuwa ameomba radhi, na majirani zake Waaustralia hawakuwahi kumdai.