Bomani Alipoangushwa Mwanza

Hapa chuoni kila nikitaja kupiga kura naulizwa ya nini, si washindi wanajulikana? Basi namtaja Paul Bomani. Mzaliwa huyu wa 1925 aliwaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wakapata ushirika wao, wakati mkoloni akizuia matawi ya TANU Usukumani. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Mtu mzito! Uchaguzi wa 1965, chama kimoja, alama mbili tu, jembe na nyumba, watu wa Mwanza wakamwangusha.

Halafu Nyerere akamrudisha kwenye baraza la mawaziri. Hapo mwenzangu wa chumbani hucheka sana, na simlaumu. Ila waziri mzima alikuja Mwanza kuomba kura, akanyimwa.