CAREY FRANCIS: MWALIMU ALIYEKUJA PUMWANI

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na asili yangu mimi ni Gikomba. Mama yangu anauza mitumba pale sokoni, na jirani ya kibanda chake yupo fundi wa bati anayetengeneza majiko ya makaa. Lakini leo sina habari za soko. Nataka kuwasimulia maisha ya mwalimu mmoja aliyefariki zamani, ambaye miaka yake ya mwisho aliimaliza akifundisha Pumwani, karibu kabisa na soko letu.

Kwanza niseme kilichonifanya nimtafute. Mwaka juzi nilikuwa nimekata shauri kuacha fizikia. Hesabu zilikuwa zimenipiga chenga tangu kidato cha kwanza, na fizikia bila hesabu ni kama ugali bila maji, haupikiki. Kila asubuhi nilinakili kazi ya wenzangu, nikapata tiki, lakini kichwani hamna kitu. Nilijiambia ati sayansi ni ya watoto wa shule kubwa kubwa, na sisi wa Gikomba hesabu yetu ni ya chenji tu. Mzee mmoja wa mtaani aliponisikia nikisema hivyo, akanitajia jina la Carey Francis.

Basi, Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka wa 1897. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akasomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akafaulu sana hata akawa mhadhiri huko huko. Angeweza kukaa Cambridge hadi uzeeni, mshahara unaingia na heshima ipo. Lakini mwaka wa 1928 aliacha yote hayo akaja Kenya kama mmisionari, akawa mkuu wa shule ya Maseno. Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa nchi yetu, alipitia mikononi mwake.

Mwaka wa 1940 alihamia Alliance, kule Kikuyu, akaiongoza shule hiyo kwa miaka 22. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma pale katika miaka ya hamsini, na baadhi ya mawaziri wa serikali yetu ya kwanza walitoka shule hiyo hiyo. Pamoja na kazi ya ukuu, Carey Francis aliandika vitabu vya hesabu vya shule za msingi. Hebu fikirini, jamani! Msomi wa hisabati za juu kabisa anaketi kumwandikia mtoto mdogo namna ya kujumlisha na kugawanya.

Wazee wetu husema mgala muue na haki yake mpe, kwa hiyo sitamsifu tu. Alikuwa mkali sana, na kama wamisionari wengi wa enzi ile, aliwatazama Waafrika kama baba anavyotazama watoto. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952, aliwapinga Mau Mau, ingawa alilalamikia pia ukatili wa askari wa serikali. Wapo wasiomsamehe, nao wana haki yao.

Lakini lililonigusa mimi ni la mwisho. Alipostaafu Alliance mwaka wa 1962 hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda shule ya sekondari ya Pumwani, kwa vijana wa mitaa ya Eastlands, akawa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Mtu aliyekuwa mkuu wa shule kwa zaidi ya miaka 30! Alifundisha Pumwani hadi alipofariki Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68.

Niliposikia hayo niliona haya. Kumbe mtu aliyefundisha Cambridge aliwaona vijana wa mtaani kwetu kuwa wanafaa kufundishwa hesabu, nami nilikuwa nimejihukumu mwenyewe! Jumamosi hiyo nikamwendea yule fundi wa bati. Nikamwona anapima upana wa duara la jiko, sentimita 28, kisha anakata bati la sentimita 90. Nikakokotoa: 28 mara 22 gawanya kwa 7, nikapata 88. Nikamuuliza zile mbili ni za nini. Akacheka, akanionyesha mahali pa kukunja mshono. Siku hiyo pai iliniingia akilini na haijatoka hadi leo.

Fizikia sikuiacha. Nilianza upya na kitabu cha kidato cha kwanza, bila kunakili kwa mtu. Kutoka alama 19 sasa nimefika 46. Si nyingi, lakini ni zangu.

Walimu wetu wapendwa, ombi langu ni moja. Mara nyingi mwalimu hodari huwekewa watahiniwa wa kidato cha nne, na sisi wa nyuma tunaachiwa atakayepatikana. Mkumbukeni Carey Francis. Samaki mkunje angali mbichi, na anayekunja awe ni fundi. Nanyi wanafunzi wenzangu, msiseme sayansi si ya kwetu. Mwalimu wake alishakuja hadi Pumwani.